Picha Inayomjibu Mtazamaji

Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga iliyo Walikale, huko Kivu, mashariki mwa Kongo, mtambaji aitwaye Candi Rureke aliutamba utendi wa Mwindo kwa muda wa siku 12, akiimba, akicheza na kuigiza, huku vijana wakigonga ufito mkavu wa mwanzi kwa vijiti, na waliomzunguka wakipokea viitikio na kumtunza zawadi. Na maneno yake mwanachuoni wa Kibelgiji Daniel Biebuyck akayahifadhi, hata kitabu alichokitayarisha pamoja na Kahombo Mateene kikachapishwa Marekani mwaka 1969. Nimeutanguliza utendi huo kwa kuwa atakaye kujua maana ya sanaa shirikishi, yaani sanaa ambayo haitimii mpaka mtazamaji atie mkono wake ndani yake, hana haja ya kwenda kuitafuta mbali na Kivu. Hadhira ya Rureke ilikuwa sehemu ya utendi. Kompyuta imezidisha jambo moja tu, kwamba makubaliano baina ya msanii na hadhira, ambayo zamani yalikaa katika kumbukumbu na mazoea, sasa huandikwa mapema, amri kwa amri, na mashine huyatimiza hata msanii asipokuwapo.

Wengi hudhani kwamba elimu ya sanaa hii haina mlango ila kompyuta, na kwamba kijana wa Masisi au Walikale, huko huko Kivu, ambako umeme ni haba na mtandao ni wa kubahatisha, hana budi kungoja. Dhana hiyo si sahihi. Vera Molnár, mchoraji mzaliwa wa Budapest aliyefanya kazi yake Paris, alianza mnamo 1959 kuchora kwa mkono akizifuata kanuni alizojiwekea, hatua baada ya hatua, kana kwamba yeye ndiye mashine. Kompyuta yenyewe hakuipata ila mwaka 1968, na siku alipoipata alikuwa amekwisha kuijua kazi. Naamini njia hiyo ni bora hata kwa mwenye kompyuta mezani, maana humfundisha kwanza lililo gumu, nalo ni kuieleza fikra kwa amri zisizoacha shaka.

Basi mwanafunzi na atwae karatasi ya hesabu, atenge miraba 10 kwa 10, na kwa kila mraba arushe kizibo cha chupa: kikianguka chali, avute mstari kutoka pembe ya chini kushoto hadi pembe ya juu kulia, kikianguka kifudifudi, avute mstari wa kinyume chake. Afikapo mraba wa 100 ataona mbele yake kuta na vichochoro, mizunguko na njia zilizozibwa, ambavyo hakukusudia hata kimoja, ilhali vyote vimezaliwa na kanuni moja aliyoitii.

Kanuni hiyo ikiandikwa kwa lugha ya kompyuta haizidi mistari michache. Ndani yake mna kitanzi, yaani amri ya kurudia safu kwa safu na mraba kwa mraba; mna sharti, kwamba namba ya bahati ikiwa chini ya nusu mstari uelekee huku, la sivyo uelekee kule; na mna kigeu, yaani jina lililobeba namba, ambalo ukilibadilisha mahali pamoja, upana wa mraba ukatoka pikseli 40 ukawa 4, uwanja ule ule wa pikseli 400 kwa 400 hujaa miraba 10,000 kwa kufumba na kufumbua. Wanaoanza wakumbuke kuwa kipimo cha wima huanzia juu na kukua kuelekea chini, kinyume cha tulivyofundishwa shuleni.

Sasa mtazamaji aingie. Programu za namna hii zina sehemu mbili, ya kwanza hutekelezwa mara moja, na ya pili hurudiwa mara 60 hivi kila sekunde. Na katika kila marudio mashine yajua kidole kiko wapi. Namba za bahati zikitafutwa katika sehemu ya pili, picha yote itachemka, maana kila mraba utapata hukumu mpya mara 60 kwa sekunde, na jicho halitaambulia kitu. Dawa ni kuupa kila mraba, katika sehemu ya kwanza, namba yake yenyewe baina ya 0 na 100, uishike daima. Kisha katika sehemu ya pili namba hiyo ilinganishwe na mahali pa kidole, ukingo wa kushoto ukihesabiwa 0 na wa kulia 100. Kidole kikiwa kushoto, mistari yote hulala upande mmoja kama mvua ya upepo. Kikisogea, mraba mmoja mmoja hugeuka kwa zamu yake. Katikati mzingile hutokea. Na mwisho wa kulia yote imelala upande wa pili. Mtoto asiyejua kusoma ataelewa mara moja kwamba yeye ndiye aigeuzaye, na hicho, kwa rai yangu, ndicho kipimo cha kwanza cha sanaa hii: jibu lifahamike pasipo mwelezaji, wala lisiwe la utiifu mtupu unaochosha.

Vyombo vya kazi ni vya bure. Processing, iliyoasisiwa na Casey Reas na Ben Fry mwaka 2001, huhitaji kompyuta; nayo p5.js, iliyoanzishwa na Lauren Lee McCarthy mwaka 2013, hufanya kazi ndani ya kivinjari hata cha simu, na faili lake likishapakuliwa halihitaji tena intaneti.

Na simu hiyo si mgeni Kivu. Koltani ya Rubaya, katika Masisi, hutoa tantalamu itumikayo katika kapasita zitunzazo chaji ya umeme, na bati la Bisie, katika Walikale, ni la jamii ya lile litumikalo kulehemu viungo vya mitambo. Watu wa nchi hizo wametoa jasho, na wengi wametoa roho, katika machimbo na katika vita vilivyoyazunguka. Si haki abadan kwamba sehemu yao katika kompyuta iwe udongo peke yake.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa hesabu wa Masisi na Walikale, pamoja na wale ambao vita vimewahamishia kwingine, waifundishe kazi hii ya karatasi na kizibo katika muhula ujao, na wale wenye kompyuta wayaandike masomo yafuatayo kwa Kiswahili, kisha wayanakili kutoka simu hadi simu mpaka yafike vijiji visivyo na mtandao.