Somo la Sosholojia na Nyumba za Stratford

Mwaka 2013, kina mama vijana 29 wa hosteli ya Focus E15, Stratford, mashariki mwa London, walipewa notisi ya kuhama baada ya halmashauri ya Newham kupunguza fedha za huduma. Baadhi waliambiwa wakatafute makazi Hastings, Birmingham au Manchester, mbali na mama na dada zao.

Wapo watakaosema kila mmoja ana bahati mbaya yake. Mwanasosholojia Mmarekani C. Wright Mills, katika kitabu chake cha mwaka 1959, alitenganisha shida ya mtu na suala la jamii. Akikosa nyumba mmoja, tazama maisha yake. Wakikosa wengi kwa mpigo, tazama kodi, sera na umiliki wa ardhi. Stratford ilishabadilika: wakazi wa Clays Lane waliondolewa mwaka 2007 kupisha ujenzi wa Olimpiki, na duka kubwa la Westfield likafunguliwa 2011. Tangu mwaka 1964 mwanasosholojia Ruth Glass alishaeleza jinsi wenye kipato wanavyohamia mitaa ya wafanyakazi ya London, bei zikapanda na wenyeji wakasukumwa nje.

Mtazamo huo ndio wanaojifunza vijana wa Uingereza wanaochukua sosholojia katika A-level, ngazi ya mwisho ya sekondari. Mtihani wa bodi ya AQA una karatasi tatu za saa mbili mbili, zikigusa elimu, uhalifu na mada za kuchagua kama familia, pamoja na nadharia na mbinu za utafiti. Kwa mfano wa Stratford, dodoso lingeonyesha ni wangapi waliohamishwa, lakini lisingeeleza vizuri hofu yao; mahojiano yangeieleza, ila kwa watu wachache.

Septemba 2014 kina mama wa Focus E15 waliingia katika nyumba tupu za mtaa wa Carpenters, jirani na stesheni, wakadai makazi. Mfuasi wa Marx angeona hapo mgongano wa matabaka. Mtetezi wa soko huria angelaumu utegemezi wa serikali. Mwanafunzi hapati alama kwa kuchagua upande, bali kwa kupima hoja kwa ushahidi.

Kwetu Afrika Mashariki wengi hukutana na somo hili chuo kikuu, nako ni kuchelewa. Kijana aliyeona nyumba zikibomolewa Kimara mwaka 2017 au Kibera 2018 kupisha barabara tayari ana maswali. Wakuza mitaala wampe mbinu za kuyajibu angali sekondari.