Supu Tatu za Kaa na Deni la Mikoko

Mgeni anayeshuka bandarini Unguja wakati wa jioni hana haja ya kuuliza njia ya kwenda Forodhani. Moshi wa majiko na harufu ya pweza humwongoza. Bustani ile, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya matengenezo makubwa, ndiyo jiko la mji, na sifa za pweza, ngisi na urojo zimekwisha kusemwa sana. Leo tunapenda kumzungumza kaa, na hasa supu yake, kwa sababu ndani ya bakuli lile mna mambo yanayowahusu wananchi na viongozi wao kwa pamoja.

Yafaa tuseme mapema kwamba si kila mtu visiwani humla kaa. Wanazuoni wengi wa madhehebu ya Imamu Shafi wamemhesabu miongoni mwa viumbe waishio majini na nchi kavu, wakamkataza. Wengine, kama wafuasi wa Imamu Malik, wamemruhusu. Wasiomla tunawaheshimu, wala hatukusudii kufungua mjadala wa fiqhi katika ukurasa huu. Lakini mtu huweza kumwepuka kaa katika sahani yake, na hali fedha ya kaa ikanunua sare na madaftari ya watoto wa jirani yake. Kwa hiyo jambo hili ni letu sote.

Tumeonja supu tatu katika mji huu. Ya kwanza ilipikwa na mpishi wa upande wa Chwaka. Ni supu nyeupe isiyo na nazi: kaa huvunjwa magando na kukatwa vipande, huchemshwa na kitunguu thomu, tangawizi na pilipili manga, na ndimu hukamuliwa chungu kikishaepuliwa, kwani ikichemka huleta uchungu. Ni supu nyepesi, na haina pa kuficha aibu. Kaa aliyejaa nyama huifanya tamu hata bila viungo vingi. Kaa aliyetoka kubadili gamba karibuni, ambaye ndani yake ni maji matupu, huifanya chapwa hata ukitia duka zima la viungo.

Ya pili ilikuwa ya mpishi kutoka Pemba, naye aliitia bizari ya manjano, pilipili mbichi na nazi. Tui jepesi lilitangulia kupikia, na tui zito likafuata mwishoni huku likikorogwa polepole lisije likakatika. Supu hii ni nzito na huliwa kwa boflo au mkate wa kumimina. Kwa ladha, sisi tuliipa nafasi ya kwanza bila ya ubishi.

Ya tatu ilikuwa ya hoteli moja ya kitalii. Hii ni ya siagi, unga wa ngano na malai, nayo asili yake ni mbali. Katika mji wa Charleston, kwenye pwani ya mashariki ya Marekani, wapo watu wanaojivunia supu ya namna hiyo inayopikwa kwa kaa jike na mayai yake, ambayo ndiyo huipa rangi ya machungwa. Kaskazini zaidi, katika jimbo la Maryland, supu ya kaa hupikwa kwa nyanya, mahindi na maharage, ikatiwa viungo viitwavyo Old Bay, vilivyobuniwa mjini Baltimore na Gustav Brunn, mkimbizi kutoka Ujerumani. Hatuwalaumu wapishi wetu kwa kujifunza mapishi ya wengine. Sisi ni watu wa bahari, na bahari ni njia ya mapishi tangu zamani. Lililotusikitisha ni jingine. Tulipochokoa chini ya malai na unga tulikuta magando madogo, mengine hayazidi kidole gumba. Supu nzito ilikuwa imeficha kile ambacho supu ya Chwaka isingeweza kukificha: kaa wale walikuwa watoto.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kaa wetu mkubwa wa matope hukulia katika mikoko. Jike akishapevuka huondoka mikokoni na kwenda bahari kuu kutaga, naye huweza kubeba mayai milioni moja na zaidi. Vitoto vyake huelea baharini kwa majuma kadhaa, na wengi huliwa na samaki. Wachache wanaosalia hurudi pwani kutafuta mikoko ya kujificha. Basi anayemvua jike mwenye mayai, anayemvua mtoto, na anayekata mkoko kwa ajili ya mkaa au chokaa, wote watatu wanachota katika chungu kimoja.

Wenzetu wa Marekani wamelijua hilo baada ya hasara. Katika Ghuba ya Chesapeake kaa walipungua hata mwaka 2008 Serikali yao ikatangaza kuwa uvuvi huo umepatwa na maafa. Mwaka huo huo majimbo ya Maryland na Virginia yalikubaliana kupunguza uvuvi wa majike kwa asilimia 34. Na huko Charleston, penye supu ya mayai ya kaa, sheria ya jimbo inakataza kumchukua jike aliyebeba mayai tumboni. Ikiwa watu wenye supu hiyo katika fahari yao wamekubali kujizuia, sisi tunasubiri nini?

Hatusemi kwamba nchi yetu imelala. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, na mikoko imo ndani yake. Vipo vijiji vinavyonenepesha kaa katika vizimba, na juhudi hiyo inastahili pongezi. Hata hivyo, kizimba kinachojazwa watoto wa kaa waliookotwa mikokoni hakiongezi kaa hata mmoja baharini. Kinahamisha tu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kamati za uvuvi za shehia zikubaliane kumrudisha jike mwenye mayai na kaa ambaye hajapevuka, na masheha wasimamie makubaliano hayo bila ya kuoneana haya. Pili, wizara inayohusika na uvuvi ihimize utotoaji wa vifaranga vya kaa, ili vizimba visitegemee mikoko peke yake. Tatu, anayekatazwa kukata mkoko aonyeshwe kuni na riziki mbadala, maana marufuku isiyo na mbadala hukaa ofisini tu wakati shoka likiendelea na kazi. Nne, hoteli na wauzaji wa Forodhani wakatae kununua kaa wadogo. Mvuvi havui asichoweza kukiuza.

Utekelezaji wa mwanzo hauhitaji bajeti. Kumtambua jike ni rahisi: kifuniko cha tumbo lake ni kipana na cha mviringo, cha dume ni chembamba kilichochongoka. Mtoto wa chuo cha Kurani anaweza kufundishwa tofauti hiyo kwa dakika moja. Wakubwa nao hawana udhuru.