Shauri la Shamba Hupelekwa Wapi?

Katika pwani ya Kilifi na Malindi wako watu wengi waliozaliwa katika mashamba ambayo hati zake zina majina ya wengine. Asili yake ni sheria ya mwaka 1908, iliyowataka wenye kudai ardhi ya pwani wapeleke madai yao. Wamijikenda wengi hawakuandikishwa, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali.

Yafaa kila mtu ajue haya. Aliyekaa katika shamba la mtu binafsi miaka 12, waziwazi, pasipo ruhusa ya mwenyewe wala kukatizwa, aweza kuomba aandikwe kuwa mwenye shamba. Ombi hilo husikizwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyo na baraza Malindi. Apeleke nakala ya hati na mashahidi. Lakini ardhi ya serikali haipatikani kwa njia hiyo.