Masala Kulangwa Darasani: Hadithi Moja, Wiki Nzima ya Masomo

Watoto wengi wa vijiji vya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega huanza darasa la kwanza wakiwa wamezoea Kisukuma nyumbani. Shuleni wanakuta lugha ya kufundishia ni Kiswahili. Mtoto asiyeelewa hunyamaza, na katika darasa lenye wanafunzi wengi mtoto anayenyamaza husahaulika. Tunakuja kushtuka akiwa darasa la nne, hajui kusoma.

Katika makala hii tunaeleza njia moja isiyohitaji fedha: kuanza na hadithi ambayo mtoto ameisikia kwa bibi yake. Njia hii si ngeni mkoani. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kati ya 2014 na 2020, ulitumia hadithi kuwaandaa watoto kuanza shule, na Simiyu ilikuwa miongoni mwa mikoa yake.

Hadithi yenyewe

Wasimulizi hutofautiana kidogo, lakini kiini ni hiki. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu na mifugo yote. Alibaki mama mjamzito aliyejificha katika rundo la makapi. Akamzaa Masala Kulangwa, jina linalohusu akili na kufundishwa. Mtoto alipokua aliuliza kwa nini wako wawili tu. Alipoambiwa, akaenda kulitafuta zimwi. Akaua panzi, akarudi akishangilia. Mama akamwambia: huyo ni panzi tu. Siku nyingine akaleta ndege, kisha swala. Mwishowe alilikuta zimwi lenyewe, akaliua na kulipasua, watu wote wakatoka wazima. Kwa bahati mbaya kisu kilimkata bibi mmoja sikio. Bibi alikasirika sana, akataka kumdhuru. Masala Kulangwa akatafuta dawa, akamponya. Watu wakamfanya mtemi.

Mapadre Joseph Healey na Donald Sybertz, waliofanya kazi Usukumani, waliieleza hadithi hii katika kitabu chao cha 1996 kama mfano wa Kristo anayekomboa watu. Shuleni inatosha ifundishwe kama hadithi, ili watoto wa dini zote waifurahie.

Mpango wa siku tano

Jumatatu: Kusikiliza. Mwalimu asimulie kwa Kiswahili chepesi, kwa ishara na sauti. Mtoto akijibu kwa Kisukuma asikatazwe. Mwalimu amsaidie kusema jambo hilo hilo kwa Kiswahili. Kama inawezekana, mzee wa kijiji aalikwe kusimulia.

Jumanne: Kusoma na kuandika. Jina Shing'weng'we ni zana nzuri ya kufundishia sauti ng'. Watoto watenganishe maneno ya ng' (ng'ombe, ng'oa, ng'ambo) na ya ng (ngoma, nguo, ngazi). Kisha waandike sentensi fupi: "Huyu ni panzi."

Jumatano: Kuhesabu. Kiroba kiwe tumbo la zimwi, na vizibo vya soda viwe watu. Kijiji kina watu 10, zimwi limemeza 4, wamebaki wangapi? Kiroba kikifunguliwa, watoto wajumlishe. Wahesabu pia miguu: panzi 6, ndege 2, swala 4, jumla 12. Tunaonya: msitumie mbegu za pamba zilizotiwa dawa, kwani ni sumu.

Alhamisi: Kuchora na kufinyanga. Watoto wafinyange panzi, ndege, swala na zimwi kwa udongo, wawapange kuanzia mdogo hadi mkubwa, kisha wasimulie hadithi kwa kufuata mpangilio huo. Hapa mtoto asiyeongea sana hupata nafasi, kwa sababu mikono yake imeshatangulia kusema.

Ijumaa: Igizo. Watoto wanaomezwa wajifunike turubai au khanga. Kila mmoja apate sehemu, hata kama ni kuwa mbuzi. Anayeogopa asilazimishwe.

Jibu la mama ni somo kwa mwalimu

Tuangalie jinsi mama alivyojibu mwanawe alipoleta panzi. Hakumcheka wala kumchapa. Alitaja kitu kwa jina lake, na wasimulizi husema alimwambia wamchome wamle. Kijana akapata nguvu ya kutoka tena kesho yake. Mtoto anayesoma "ngoma" palipoandikwa "ng'ombe" naye ameleta panzi. Akichekwa, hatatoka tena. Akirekebishwa kwa upole, siku moja atalileta zimwi.

Sikio la bibi

Sehemu hii isirukwe. Kanda ya Ziwa, mkoa wetu ukiwemo, imeshuhudia vikongwe wakiuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, wakati wekundu huo mara nyingi umetokana na moshi wa miaka mingi jikoni. Katika masimulizi mengine bibi yule alitaka kumloga Masala Kulangwa. Mwalimu akiishia hapo, atakuwa ameongeza hofu waliyokwisha kuibeba watoto kutoka nyumbani.

Kwa hiyo aulize: Bibi alikasirika kwa nini? Nani alimwumiza? Masala Kulangwa alifanya nini? Watoto wataona wenyewe kwamba bibi alikuwa na jeraha la kweli, na kwamba shujaa aliyekuwa na kisu mkononi hakukitumia tena, bali alitafuta dawa. Kiti cha utemi kilikuja baada ya kuponya.

Baada ya hapo kila mtoto apewe kazi ya nyumbani: amwombe bibi au babu amsimulie hadithi moja, na aje nayo Jumatatu. Hivyo darasa litapata hadithi ya wiki inayofuata, na kikongwe atakuwa amepata mtu wa kukaa naye na kumsikiliza.