Kompaila ya bure: bei si hoja, kompyuta ya mteja ndiyo hoja

KIJANA anayetaka kuwauzia wenye maduka ya Mwanjelwa, jijini Mbeya, programu ya kutunza hesabu za mauzo hana sababu ya kununua kompaila. Hii ni programu inayogeuza maandishi ya mtaalamu kuwa faili ambalo kompyuta inaweza kuliendesha, na kwa watumiaji wa Windows za bure zipo kadhaa. Swali gumu ni iwapo kazi hiyo, ikishakamilika, itafunguka katika kompyuta ya mteja, ambayo aghalabu ni ya mitumba.

Microsoft ilianza kutoa Visual Studio Community mwaka 2014. Mtu binafsi anaruhusiwa kuuza alichokitengeneza kwayo, ingawa kampuni zimewekewa mipaka. Kwa kusaka makosa, ni vigumu kupata inayoizidi. Hata hivyo, upakuaji wake huhesabiwa kwa gigabaiti, mzigo mzito kwa anayetegemea vifurushi vya simu. Aidha, programu iliyotengenezwa kwa mipangilio ya kawaida huhitaji maktaba ya ziada. Isipokuwepo, mwenye duka huambiwa kuwa VCRUNTIME140.dll haionekani, na hapo mwuzaji huanza kutiliwa shaka.

MinGW-w64 huileta katika Windows kompaila ya GCC, iliyotolewa na Richard Stallman mwaka 1987. Ni nyepesi zaidi, na leseni yake haimlazimishi mtu kutoa hadharani maandishi ya programu yake, hofu ambayo wengi wanayo bila sababu. Nayo ina maktaba zake, lakini amri ya -static huziingiza ndani ya faili lenyewe. Faili hunenepa, ila hubebeka kwenye flashi kutoka duka moja hadi jingine. Visual Studio ina njia kama hiyo, /MT, ambayo anayeanza huipita bila kuiona.

Cygwin ilikusudiwa kazi nyingine: kuendesha ndani ya Windows programu zilizoandikwa kwa ajili ya Unix. Kila kinachotoka humo hutegemea cygwin1.dll, na tangu mwaka 2022 matoleo mapya yameacha kompyuta za biti 32.

Kwa duka la Mwanjelwa, basi, MinGW-w64 ndiyo yenye usumbufu mdogo. Kabla ya kuipakua, afike dukani aangalie Windows ni ya biti 32 au 64, kwani faili la biti 64 halifunguki katika Windows ya biti 32.