TANGI LA SAMAKI: WAFANYAKAZI KWANZA, SAMAKI BAADAYE



Katika toleo hili tunaweka kando kidogo habari za mishahara na mikataba, tuzungumze juu ya kazi ya saa za mapumziko. Wenzetu kadhaa wa Mocímboa da Praia wametaka kujua namna ya kufuga samaki wa urembo nyumbani katika tangi la kioo. Tumeona swali lao linastahili jibu kamili, maana wengi hujaribu, hupoteza fedha zao, na watoto hubaki na huzuni.

Mwenzetu mmoja, seremala, alirudi mjini pamoja na familia yake baada ya kukaa Pemba kama mkimbizi. Yaliyoupata mji huu yanajulikana: ulishambuliwa tarehe 5 Oktoba 1917? Hapana, si zamani hivyo. Ilikuwa tarehe 5 Oktoba 2017. Ukatekwa Agosti 2020, na ukakombolewa Agosti 2021 na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Waliorudi walikuta nyumba hazina milango, na mabanda hayana kuku. Binti mdogo wa seremala alitaka kiumbe chochote cha kufuga. Baba yake akatafuta vioo, akavigandisha, akateka maji kisimani asubuhi, na jioni ile ile akatia samaki kumi na wawili. Siku ya tano hakubaki hata mmoja. Maji yalikuwa maangavu kabisa. Mtoto akauliza: "Baba, nani amewaua?" Baba hakuwa na jibu.

Makala haya ni jibu la swali hilo.

KWA NINI WALIKUFA

Samaki hula, hupumua na hutoa uchafu wake katika maji yale yale. Uchafu wake mkubwa ni amonia, ambayo hutoka zaidi kwa njia ya mashavu anayopumulia. Amonia ni sumu hata ikiwa kidogo, wala haionekani kwa macho. Ndiyo sababu maji yanaweza kung'aa na huku yanaua.

Mtoni na dimbwini sumu hiyo haijazani, kwa kuwa wapo wanaoifanyia kazi. Hao ni bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho matupu. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, kwani huzuia damu ya samaki isichukue oksijeni. Hapo huingia kundi la pili, linalogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Mimea huila, na inayobaki tunaiondoa tunapobadilisha maji. Mtaalamu wa Urusi, Sergei Winogradsky, ndiye aliyewatenga na kuwaeleza bakteria hawa karibu na mwaka 1890.

Ndugu zetu wa mashambani wanawafahamu bila kuwajua kwa jina. Kazi ya namna hiyo hiyo hufanyika udongoni, na ndiyo inayofanya samadi iwe chakula cha mazao.

Basi tangi jipya halina wafanyakazi hao. Kutia samaki siku ya kwanza ni sawa na kufungua kiwanda, kuwasha mashine na kuleta mali ghafi kabla ya kuajiri mtu hata mmoja. Mali itaoza mlangoni.

KUTENGENEZA TANGI

Kwa mwanzo, tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30 linatosha. Tangi dogo zaidi si rahisi kulitunza, kama wengi wanavyodhani. Maji yakiwa machache, sumu hupanda upesi na joto hubadilika upesi.

Tangi la kipimo hicho huchukua lita 54. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo ni kilo 54 kabla ya kuhesabu kioo na mchanga. Meza iwe imara na sawa, isiyoyumba. Usiliweke dirishani penye jua, maana maji yatapata joto mno na kugeuka rangi ya kijani.

Gundi iwe ya silikoni isiyotiwa dawa ya kuzuia kuvu, kwani dawa hiyo huwadhuru samaki. Ukisha kugandisha, ngoja juma zima mpaka harufu kama ya siki iishe. Kisha lijaze maji nje ya nyumba, uliache usiku na mchana, uone kama linavuja. Kamwe usilioshe kwa sabuni.

MCHANGA NA MAJI

Sisi tunaoishi pwani tuna mchanga mwingi, lakini ule wa baharini wenye vipande vya kombe na matumbawe haufai kwa samaki wa maji baridi. Tumia mchanga wa mtoni. Uoshe mara nyingi, mpaka maji yanayomwagika yawe safi.

Maji ya kisima yaonje kwanza. Visima vingi karibu na bahari vina munyu. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi katika ndoo siku moja au mbili, maana klorini huua samaki na huua pia bakteria tunaowataka.

Mwenye umeme atafute pampu ndogo ya hewa na chujio la sponji. Sponji ndiyo nyumba kubwa ya bakteria. Asiye na umeme aweke mimea mingi ya majini na samaki wachache sana.

MAJUMA SITA YA SUBIRA

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Tangi limejaa, mchanga umetulia, mimea inapendeza, na watoto wanauliza samaki watakuja lini. Ndugu, usitie samaki bado.

Badala yake, kila baada ya siku mbili tia unga kidogo wa dagaa wasiotiwa chumvi, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili. Unga huo utaoza na kutoa amonia, na amonia ndiyo chakula cha kuwalea bakteria. Katika juma la kwanza maji yanaweza kuwa meupe kama yaliyooshea mchele. Usiogope wala usiyamwage, yatatulia yenyewe. Pampu ya hewa ifanye kazi mchana na usiku, kwa kuwa bakteria nao wanahitaji oksijeni.

Kazi hii huchukua kama majuma manne hadi sita. Ikiwa jirani anayo tangi la zamani lenye samaki wazima, muombe kipande cha sponji yake au konzi ya mchanga wake, kikiwa bado kibichi. Hao ni wafanyakazi wenye ujuzi, nao watafupisha muda.

Jambo moja lisisahauliwe. Maji yaliyotulia na yasiyo na samaki ni mazalio ya mbu. Funika tangi kwa kipande cha chandarua kisichopitisha mbu tangu siku ya kwanza, tusije tukatafuta urembo tukaleta malaria.

Zipo karatasi za kupimia amonia na nitriti. Ukizipata, subiri mpaka zote mbili zionyeshe sifuri ilhali unaendelea kutia unga. Usipozipata, maliza majuma sita kamili.

SAMAKI WA KWANZA

Usianze na samaki wa matumbawe, ingawa tunawaona kila siku. Tangi la maji ya bahari lina gharama na matatizo mengi zaidi. Usitie perege wala kambale pia. Watakua na kulizidi tangi.

Katika pwani ya kaskazini-mashariki mwa Msumbiji wako samaki wadogo wa madimbwi ya mvua ambao watu wa nchi za mbali huwafuga kwa fahari. Mmojawapo alipewa jina la kisayansi mwaka 2007: Nothobranchius hengstleri. Madume wa jamii hii wana rangi za kupendeza, majike wana rangi hafifu. Dimbwi likikauka wakati wa kiangazi wakubwa hufa wote, lakini mayai hubaki hai ndani ya tope mpaka mvua nyingine ije.

Ukiwachukua, chukua wachache na uwaache wengi dimbwini. Anza na dume mmoja na majike wawili au watatu, kwa sababu madume hugombana. Acha chombo walichomo kielee ndani ya tangi kwa dakika 15 au 20, ukiongeza maji ya tangi kidogo kidogo, ndipo uwatoe. Tangi liwe na kifuniko, kwani ni warukaji. Chakula chao kizuri ni viluwiluwi vya mbu, ambavyo havinunuliwi.

Mweleze mtoto mapema kwamba samaki hawa wana maisha mafupi ya miezi kadhaa. Hilo ni umbile lao, si kosa la mfugaji.

Wakija juu kutweta au wakikataa kula, badilisha theluthi moja ya maji upesi na usiwape chakula siku hiyo. Katika siku za kawaida, badilisha robo ya maji kila juma. Sponji isuuze katika maji uliyoyatoa tangini, si ya bombani. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, chota maji kwa kikombe na uyamimine kutoka juu mara kwa mara, yapate hewa.

MWISHO

Mwenzetu seremala alianza upya. Safari hii binti yake ndiye aliyetia unga wa dagaa, na kila juma lilipokwisha alichora mstari kwa chaki kwenye mguu wa meza. Mstari wa sita ulipochorwa, baba akaleta samaki watatu. Juma lililofuata walikuwa wazima wote, ndipo akamjibu swali lake la siku zile: hakuna aliyewaua kwa kusudi, tuliwaleta katika nyumba ambamo kazi ilikuwa haijaanza.

Anayetazamwa na wageni ni samaki. Wanaomweka hai hawaonekani, na wasipokuwapo hakuna kinachosimama. Jambo hilo sisi wafanyakazi hatuhitaji kufafanuliwa.