Kesi ya Kapenguria Darasani: Kufundisha Tofauti Baina ya Sheria na Haki

Msimu mmoja wa mazoezi ya kufundisha, niliketi nyuma ya darasa la saba nikimwangalia mwalimu mwanafunzi akifundisha kesi ya Kapenguria kwa njia ya maigizo. Maandalio yake ya somo yalikuwa safi. Hakimu, wakili na washtakiwa walikwisha kuteuliwa. Lakini kabla shahidi wa kwanza hajafungua kinywa, darasa zima lilipaza sauti: "Wameonewa! Waachiwe!" Nilipowauliza wameonewa kwa namna gani, hapana aliyejibu.

Wanafunzi hao walikuwa na jibu sahihi, lakini walilifikia kwa njia mbaya: walitoa hukumu pasipo kusikiliza. Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu kuepuka kosa hilo.

Hali ya wakati ule

Katika miaka ya 1950 dola ya Waingereza ilikuwa imeanza kubomoka. India na Pakistani zilikwisha kujitawala mwaka 1947. Nchini Kenya, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Jomo Kenyatta alikamatwa, na pamoja naye wakashtakiwa Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Shtaka kubwa lilikuwa kuongoza Mau Mau, chama kilichopigwa marufuku mwaka 1950.

Hapa mwalimu aulize swali la msingi: kwa nini kesi? Serikali ilikuwa na uwezo wa kuwaweka watu kizuizini bila kuwashtaki, na ndivyo ilivyowafanyia maelfu. Jibu ni kwamba wakoloni walijigamba kuwa wameleta utawala wa sheria. Walihitaji mahakama iseme kwamba viongozi hao ni wahalifu, wala si wapigania uhuru. Basi wakachagua njia ya sheria, kisha wakaipinda ifike walikotaka.

Mambo manne ya kupima

Kwanza, mahali. Kapenguria ni mbali sana na Nairobi, na wakati ule haikuingiwa bila kibali. Washtakiwa walipelekwa huko, wakaachiliwa, kisha wakakamatwa tena papo hapo ili mahakama ya huko ipate mamlaka juu yao. Mawakili walilazimika kulala Kitale na kusafiri kila siku. Wanafunzi watapenda kujua kwamba chumba cha mahakama kilikuwa chumba cha shule.

Pili, hakimu. Ransley Thacker alikuwa jaji mstaafu aliyerudishwa kazini kwa ajili ya kesi hii. Aliamua peke yake, na serikali ilimlipa pauni 20,000 nje ya mshahara wa kawaida.

Tatu, lugha. Mkalimani wa kwanza alikuwa Louis Leakey, mtu aliyeisaidia serikali katika vita vyake dhidi ya Mau Mau. Mawakili wa utetezi walimpinga, na hatimaye akaacha kazi hiyo.

Nne, shahidi. Rawson Macharia alidai kwamba alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo mwezi Machi 1950. Mashahidi kadhaa wa utetezi walimkanusha. Hakimu akamwamini yeye. Mwaka 1958 Macharia aliapa kwa maandishi kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo na kwamba aliahidiwa masomo Uingereza. Serikali ilimshtaki kwa kiapo hicho, naye akafungwa.

Tarehe 8 Aprili 1953 wote sita walitiwa hatiani na kuhukumiwa miaka saba na kazi ngumu.

Pamoja na hayo, mwalimu asifiche upande wa pili. D. N. Pritt, wakili kutoka Uingereza, aliongoza utetezi na kuwahoji mashahidi mbele ya waandishi wa habari. Oneko alikata rufani, na Januari 1954 hukumu yake ikafutwa. Hata hivyo hakuachiwa, bali alibaki kizuizini. Wakili huyo huyo alimtetea Mwalimu Nyerere mwaka 1958, aliposhtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa serikali katika Sauti ya TANU na kutozwa faini ya shilingi 3,000. Taratibu za sheria, hata zikipindwa, ziliwapa wanyonge mahali pa kusemea, na kumbukumbu zake ndizo zinazotuwezesha leo kuwahukumu waliohukumu.

Njia ya kufundishia

Tumia vipindi viwili. Katika kipindi cha kwanza gawa darasa katika vikundi vinne. Kila kikundi kipewe jambo moja kati ya yale manne, kiandike ubaoni ukweli kinaoujua na swali kinalotaka kuuliza. Katika kipindi cha pili fanyeni igizo, kwa masharti matatu: mwalimu asiwe hakimu; upande wa mashtaka upewe hoja za kweli, si za mzaha; na hukumu iandikwe pamoja na sababu zake. Mwanafunzi atakayeandika "hana hatia" bila sababu arudishiwe kazi yake sawa na yule atakayeandika "ana hatia".

Hitimisho

Somo hili humgusa pia mwalimu mwenyewe. Kalamu ikipotea darasani, mara ngapi mwalimu wa zamu huwa mshitaki, shahidi, hakimu na mtoa adhabu kwa wakati mmoja? Watoto waliokwisha kuipima Kapenguria watatupima na sisi kwa maswali yale yale. Mwalimu atakayefundisha somo hili Jumatatu na awe tayari kumsikiliza mtoto aliyeshtakiwa Jumanne, kabla hajanyoosha mkono kuchukua fimbo.